Msaada wa tetemeko usiishie penye mwisho wa barabara

Usiku wa tarehe 31 Agosti mwaka 2025, ardhi ilitetemeka katika mkoa wa Kunar, mashariki mwa Afghanistan, karibu na mpaka wa Pakistan. Tetemeko lenyewe lilikuwa la ukubwa wa 6.0. Katika nchi kama Japani, ambako nyumba hujengwa kwa kulitazamia janga hilo, tetemeko la kiasi hicho mara nyingi hupita bila maafa makubwa. Kule Kunar liliangamiza watu zaidi ya 2,200. Nyumba za mawe, udongo na magogo, zilizopangana juu ya miteremko mikali ya milima, ziliwaporomokea wenyewe wakiwa wamelala. Maporomoko yakaziba vijia vya kuendea huko, hata ikabidi wanajeshi wateremshwe kutoka helikopta mahali ambapo helikopta zenyewe hazikuweza kutua.

Yaliyofuata tunayafahamu sote, kwa maana ndiyo yanayofuata kila mara. Picha zilienea ulimwenguni, viongozi wakatuma rambirambi, mashirika yakatoa wito wa michango. Tofauti ya mara hii ni kwamba mfuko wenyewe ulikuwa umetoboka. Shirika la misaada la Marekani, USAID, lilikuwa limekoma rasmi kuendesha miradi yake tarehe 1 Julai mwaka huo huo, na mamia ya vituo vya afya nchini Afghanistan vilikuwa vimefungwa au kusimamisha huduma kwa ukosefu wa fedha. Kwa sababu hiyo, wengi walioandika juu ya Kunar walisema kwamba tatizo kuu ni fedha kupungua.

Sikatai kwamba fedha ni tatizo. Hata hivyo, naona kwamba hiyo ni nusu tu ya habari, na ni ile nusu iliyo rahisi kuisema. Nusu ya pili ni hii: hata pale ambapo fedha zimefurika, msaada wa tetemeko aghalabu humpita maskini wa kijijini. Humpita kwa kuwa umepangwa kwa ajili ya mtu awezaye kujitokeza na kuuomba. Wahenga walinena kwamba asiyekuwepo na lake halipo. Maskini wa mashambani, ijapokuwa ndiye aliyefiwa na kubomokewa, mbele ya mgawaji huhesabiwa kama mtu asiyekuwepo. Na mambo yanayomfanya asiwepo ni matatu: njia, hati, na lugha.

Ili tusijadili jambo hili hewani, hebu tuitazame nchi ya Nepal. Naichagua Nepal kwa sababu mbili. Kwanza, tetemeko lake la mwaka 2015 liliugusa ulimwengu mzima, na ahadi za fedha zilikuwa nyingi. Pili, zaidi ya miaka kumi imepita tangu siku ile, kwa hiyo tunaweza kufanya hesabu kwa utulivu.

Mnamo tarehe 25 Aprili 2015, siku ya Jumamosi, muda mfupi kabla ya saa sita mchana, tetemeko la ukubwa wa 7.8 lilianzia wilaya ya Gorkha, karibu na kijiji cha Barpak. Siku kumi na saba baadaye, tarehe 12 Mei, likafuata jingine la 7.3 upande wa mashariki. Kwa jumla watu karibu 9,000 walifariki na zaidi ya 22,000 wakajeruhiwa. Nyumba zipatazo nusu milioni zilibomoka kabisa, mbali na robo milioni nyingine zilizoharibika. Lau lisingetokea Jumamosi, idadi ya waliokufa ingekuwa ya kutisha zaidi, kwa sababu maelfu ya madarasa yaliporomoka yakiwa matupu.

Watazamaji wa televisheni duniani waliuona mji mkuu wa Kathmandu, mahekalu yake ya kale yaliyogeuka vifusi na mnara wa Dharahara uliokatika. Lakini kitovu cha msiba hakikuwa mjini. Wilaya moja tu ya milimani, Sindhupalchok, ilipoteza watu zaidi ya 3,400. Kijiji cha Langtang kilifunikwa chote kwa theluji na mawe yaliyoporomoka kutoka mlimani. Wanawake na wasichana walikuwa zaidi ya nusu ya waliokufa, na jamii ya Watamang, wakulima wa milimani ambao kwa karne nyingi wamekuwa pembezoni mwa utawala wa nchi ile, ilizika watu wengi kupita kiasi cha idadi yake.

Hayo hayakutokea kwa kudra tupu. Wataalamu wa matetemeko wametueleza mara nyingi kwamba kiuacho watu si mtikisiko bali ni nyumba, na nyumba ni hesabu ya mfuko wa mwenyewe. Kule milimani nyumba nyingi zilikuwa za mawe yaliyoshikizwa kwa tope, bila nondo wala saruji. Mchana ule wengi waliokuwa ndani walikuwa wanawake na wazee. Vijana wengi wa kiume walikuwa Qatar, Saudia na Malaysia, wakijenga nyumba za watu wengine. Mapato wanayoyatuma nyumbani yalikuwa zaidi ya robo ya pato zima la Nepal. Hivyo basi, siku ambayo kijiji kilihitaji mikono ya kufukua vifusi, mikono hiyo ilikuwa ng'ambo.

Sasa tuuangalie msaada, tuanze na njia. Nepal haina pwani, na wakati ule ilikuwa na uwanja mmoja tu wa ndege wa kimataifa, nao una njia moja tu ya kurukia. Ndege za msaada zilizunguka angani zikingoja zamu, na tarehe 3 Mei ndege kubwa zikapigwa marufuku kutua kwa sababu njia hiyo ilikuwa imeanza kuharibika. Maofisa wa Umoja wa Mataifa walilazimika kuiomba serikali ilegeze kanuni za forodha, maana shehena zilikuwa zikikwama huku watu wakilala nje. Mvua kubwa za mwezi wa Juni zilikuwa zinabisha hodi, na kilichohitajika zaidi kilikuwa kitu duni kabisa: turubai na bati.

Shehena ilipotoka uwanjani ilifuata barabara, na barabara zilikoma chini ya milima. Vijiji vilivyokuwa kandokando ya njia kuu vilipokea mchele na mahema kutoka kwa shirika hili na lile, huku vijiji vilivyokuwa mwendo wa siku moja au mbili kwa miguu vikiona ndege zikipita tu juu. Si kwamba wagawaji walikuwa na roho mbaya. Gari la msaada husimama pale dereva anapoweza kuligeuza, na mtu wa kwanza kulifikia ndiye mwenye miguu yenye nguvu. Mjane mwenye mtoto mgongoni na baba mkwe asiyeweza kutembea hayumo katika foleni hiyo.

Yafaa kusema kwa haki kwamba wapo waliolitambua jambo hili mapema. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani liliwaajiri wapagazi wa milimani, wale wale wanaowabebea watalii mizigo, pamoja na baghala, ili wafikishe vyakula na mabati mahali ambapo gari haliwezi kukanyaga. Kwa njia hiyo chakula kilifika, na mtu wa huko huko akapata ujira wakati ambapo watalii walikuwa wamekimbia. Kwa hakika, mpango huo ulifanikiwa kwa sababu ulianza na swali ambalo mipango mingine haikuliuliza: je, wenyeji wenyewe hupitia wapi?

Jambo la pili ni hati. Tarehe 25 Juni 2015 wafadhili walikutana Kathmandu na kuahidi zaidi ya dola bilioni nne. Aliyezisikia habari hizo angedhani kwamba kufikia mwisho wa mwaka vijiji vingekuwa vinaezekwa upya. La kusikitisha ni kwamba mamlaka iliyoundwa kusimamia ujenzi huo haikusimama imara hadi mwishoni mwa Desemba, miezi minane baada ya tetemeko. Vyama vya siasa vilikuwa vikivutana juu ya katiba mpya na juu ya nani aiongoze mamlaka hiyo. Isitoshe, kuanzia Septemba 2015 hadi Februari 2016, njia za kuingilia kutoka India zilizibwa katika mzozo uliotokana na katiba hiyo hiyo, na mafuta, dawa na vifaa vya ujenzi vikaadimika. Majira ya baridi yakawakuta watu wa milimani chini ya maturubai.

Ruzuku ya nyumba ilipokuja, ilikuja na masharti. Kila mwenye nyumba iliyobomoka alipangiwa kwanza rupia 200,000, kisha kiasi hicho kikaongezwa hadi rupia 300,000. Fedha hizo zililipwa kwa mikupuo mitatu kupitia benki, na kila mkupuo ulitegemea mhandisi kuja, kukagua na kutia saini. Ili mtu apate mkupuo wa kwanza alihitaji kuthibitisha uraia wake, kuonyesha hati ya kumiliki ardhi, kutia saini mkataba na kufungua akaunti. Karani aliyeketi mjini angeona masharti hayo kuwa mepesi. Lakini ni nani hasa asiyekuwa na hati ya ardhi? Ni mpangaji. Ni Mdalit, mtu wa tabaka lililodharauliwa kwa vizazi vingi, aliyejenga kwenye kiwanja cha tajiri au cha umma. Ni mjane ambaye hati ya shamba lake ingali katika jina la baba wa mumewe. Ni familia iliyokuwa na hati, lakini hati yenyewe ikafukiwa pamoja na nyumba. Kwa ufupi, sharti lililowekwa kumtambua mwenye haki lilimtema yule aliyekuwa na shida kuliko wote.

Miaka miwili baada ya tetemeko, nyumba zilizokuwa zimekamilika hazikufikia hata moja kati ya kumi. Watu wengi walikopa kwa wakopeshaji wa kijijini kwa riba kubwa ili wafikie kiwango cha ujenzi kitakachowapatia mkupuo wa pili. Wengine walijenga chumba kimoja tu, kidogo, cha kumridhisha mhandisi na kuwahi tarehe ya mwisho, wakakigeuza ghala, kisha wakarudi kulala katika nyumba ya zamani yenye nyufa. Serikali baadaye ililegeza baadhi ya masharti kwa wasio na ardhi, na mamlaka ilipofunga kazi yake Desemba 2021, nyumba nyingi zilikuwa zimesimama. Hayo ni mafanikio, wala sina nia ya kuyabeza. Ila miaka sita ni muda mrefu kwa mtoto aliyezaliwa chini ya turubai.

Msomaji wa Kenya asidhani kwamba hizi ni hadithi za mbali. Ni mashamba mangapi katika nchi hii ambayo hati zake zingali katika jina la babu aliyekwisha kuzikwa zamani? Ni wanawake wangapi wanaolima ardhi ambayo jina lao halimo katika karatasi yoyote? Baada ya ghasia za uchaguzi wa mwaka 2007, serikali ilitangaza shilingi 10,000 za kuanzia maisha na shilingi 25,000 kwa aliyechomewa nyumba. Waliokuwa kambini walionekana na kuandikishwa. Wale waliokimbilia kwa jamaa zao, waliokuja kuitwa wakimbizi jumuishi, walilalamika kwa miaka mingi kwamba wamesahauliwa. Kosa lao lilikuwa ni kupokelewa na ndugu badala ya kukaa katika hema.

Sasa nije kwenye jambo la tatu, ambalo husemwa kwa uchache mno, nalo ni lugha. Sensa ya Nepal ya mwaka 2011 ilihesabu lugha za mama 123, na Kinepali, lugha ya serikali, kilikuwa lugha ya mama ya watu wasiofikia nusu ya raia. Ni kweli kwamba wengi wasio wazawa wa Kinepali hukifahamu, kama ambavyo Wakenya wengi hufahamu Kiswahili. Lakini kufahamu lugha sokoni si sawa na kuelewa mkataba wa ruzuku wenye vifungu vya kisheria. Mwanamke mzee wa Kitamang ambaye hakupata kwenda shule aliwekewa karatasi hiyo mbele yake, akaambiwa abonyeze kidole gumba. Je, alijua kwamba akichelewa atapoteza mkupuo wa pili? Je, aliambiwa mahali pa kupeleka malalamiko yake, na angeyapeleka kwa lugha gani?

Hali hii haikuwa ya Nepal pekee. Huko Haiti, baada ya tetemeko la tarehe 12 Januari 2010, mikutano mingi ya kuratibu msaada ilifanyika kwa Kiingereza ndani ya kituo cha Umoja wa Mataifa karibu na uwanja wa ndege. Wahaiti wote husema Krioli, wachache husema Kifaransa, na Kiingereza ni cha wachache zaidi. Kwa hiyo watu waliokuwa wakijadiliwa hawakuweza kusikia wakijadiliwa. Hata hivyo, katika wiki zile zile lilitendeka jambo la kutia moyo. Namba fupi ya simu, 4636, ilifunguliwa ili watu watume ujumbe kwa Krioli, na Wahaiti waishio ng'ambo wakajitolea kuzitafsiri jumbe hizo usiku na mchana ili waokoaji wajue nani yuko wapi na anahitaji nini. Hapo pana funzo: kizuizi kilikuwa mpangilio wa wakubwa, maana maskini alikuwa na la kusema tangu mwanzo.

Kisa cha Moroko ni cha juzi zaidi. Usiku wa tarehe 8 Septemba 2023, tetemeko la ukubwa wa 6.8 lilivipiga vijiji vya milima ya Atlas, kusini magharibi mwa Marrakech, na watu karibu 3,000 wakapoteza maisha. Wanavijiji wa huko wengi ni Waamazigh na lugha yao ni Kitashelhit. Kiamazigh kimekuwa lugha rasmi katika katiba ya Moroko tangu mwaka 2011, lakini lugha kuwa rasmi katika karatasi ni jambo moja, na afisa wa wilaya kuizungumza na bibi kizee aliyepoteza wajukuu ni jambo jingine. Raia wa mijini walifanya jambo la kuheshimiwa sana: walijaza magari yao unga, blanketi na maji, wakapanda milima bila kungoja serikali. Magari yakawa mengi hata yakasongamana. Vijiji vya kando ya barabara vikapata kingi, vya juu vikapata haba. Serikali nayo iliahidi dirhamu 140,000 kwa nyumba iliyoanguka kabisa na 80,000 kwa iliyoharibika kwa sehemu, lakini majira ya baridi ya pili yaliwakuta baadhi ya watu wangali katika mahema.

Hata maneno yetu wenyewe yanastahili kuchunguzwa. Magazeti ya Kenya humwita aliyepatwa na maafa mwathiriwa, na ya Tanzania humwita mwathirika. Wengine humwita mhanga, ingawa asili ya neno hilo ni sadaka, yule anayetolewa au anayejitoa ili wengine wapone. Katika maneno yote hayo hamna tendo hata moja analolitenda mtu huyo. Yeye ni wa kutendewa tu: aliangukiwa, alihesabiwa, alipigwa picha, alipewa. Sisemi kwamba tukibadilisha neno njaa itaisha. Ninachosema ni kwamba mtu aliyezoeleka katika sarufi kama mtendewa hufikiriwa hivyo hivyo katika mipango.

Ilhali ukweli wa mambo ni kinyume. Katika kila tetemeko, wengi wanaotolewa hai kwenye vifusi hutolewa katika saa za kwanza, tena hutolewa na majirani kwa mikono mitupu, majembe na kamba. Vikosi vya kigeni vyenye mbwa na mitambo hufika baadaye. Kiswahili kina kusaidia, kina kusaidiwa, na kina kusaidiana. Mashirika na serikali huyajua vyema yale mawili ya kwanza. Hilo la tatu ndilo kijiji kilichoishi nalo kabla ya wageni kuja, na ndilo kitakaloishi nalo watakapoondoka.

Mfano ulio bora wa jambo hili ni ule wa Kashmir. Tetemeko la tarehe 8 Oktoba 2005 liliua watu zaidi ya 73,000 nchini Pakistan, na mamilioni wakakosa makao majira ya baridi yakikaribia. Mwanzoni ruzuku ya ujenzi ilitolewa kwa nyumba za matofali na saruji kwa kufuata ramani za wahandisi, lakini saruji ilikuwa ghali na kuipandisha milimani kulikuwa kazi ya kuvunja mgongo. Wanavijiji walikuwa na mbinu yao ya kale iitwayo dhajji dewari, yaani kuta za viraka: fremu ya mbao iliyogawanywa vipande vidogo vidogo, kisha ikajazwa mawe na udongo. Nyumba za namna hiyo zilikuwa zimeyumba bila kuanguka. Wenyeji wakazidi kuzijenga, na mwishowe wakuu wakazikagua, wakaziidhinisha kwa ruzuku. Maelfu kwa maelfu ya nyumba zikasimama kwa ujuzi wa fundi wa kijijini. Tangu mwanzo fundi huyo alikuwa mtaalamu, ila hakuna aliyekuwa amemwuliza.

Najua hoja itakayoletwa dhidi yangu. Nitaambiwa kwamba bila hati, saini na wakaguzi, fedha za msaada zitaliwa na wajanja, na kwamba masharti hayo yapo kuwalinda maskini hao hao. Hoja hii ni nzito, na hatuhitaji kwenda Asia kuithibitisha. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipiga mkoa wa Kagera, kwa jirani zetu wa Tanzania. Watu wasiopungua 17 walifariki na maelfu wakaachwa na nyumba zilizobomoka au kupasuka. Watanzania walichanga, na Kenya ikawa miongoni mwa waliopeleka mabati na blanketi. Kabla ya mwezi huo kwisha, Rais John Magufuli aliwafuta kazi maofisa wakuu wa eneo hilo kwa tuhuma za kufungua akaunti nyingine yenye jina lililofanana na lile la kamati ya maafa.

Lakini tukitazame kisa hicho kwa makini. Tuhuma hizo hazikumhusu mkulima wa migomba asiye na hati. Ziliwahusu watu wenye ofisi, mihuri na uwezo wa kufungua akaunti. Masharti makali yaliyowekwa chini hayazuii wizi unaofanyika juu. Isitoshe, mwanzoni mwa mwaka 2017 wananchi wa Kagera walielezwa kwamba serikali haingemjengea kila mtu nyumba, na kwamba kipaumbele kilikuwa shule, zahanati na miundombinu mingine ya umma. Huenda uamuzi huo ulikuwa na sababu zake za kiuchumi. Hata hivyo, wachangaji walikuwa wametoa kwa jina la watu waliobomokewa, na watu hao walikuwa wameyasikia maneno hayo wakayaamini. Maneno ya wito wa michango ni ahadi, na ahadi iliyosemwa hadharani haifai kubadilishwa ofisini.

Basi ulinzi wa kweli wa fedha za msaada ni uwazi mbele ya wahusika wenyewe. Orodha ya waliobomokewa iandikwe katika baraza la kijiji, isomwe kwa sauti kwa lugha ya hapo, na kila mtu awe na nafasi ya kusema kwamba fulani amesahaulika na fulani hakubomokewa. Majirani wanajua nani alikuwa na nyumba na nani hakuwa nayo, kuliko karatasi yoyote. Ushahidi wa wazee na majirani ukubaliwe mahali pa hati pale ambapo hati haipo. Fedha zilizopokewa na zilizotumika zibandikwe sokoni kwa tarakimu. Wizi utapungua zaidi kwa macho mia moja ya kijiji kuliko kwa mihuri mitatu ya wilayani.

Pamoja na hayo, mgao wa kwanza uanzie mwisho wa njia, si mwanzo wake, na wapagazi, punda na pikipiki za wenyeji wahesabiwe kuwa sehemu ya mpango tangu siku ya kwanza. Pale ambapo soko lingali hai, mtu apewe fedha anunue anachokihitaji, badala ya kushushiwa vitu vilivyochaguliwa na mtu asiyemjua. Na kila kituo cha msaada kiwe na mtu anayelipwa kwa kazi ya kusikiliza na kufasiri, kama anavyolipwa dereva na daktari. Ukalimani si hisani ya kijana apitaye njiani, ni kazi.

Iwapo kuna atakayeona kwamba muda ungalipo, na atazame tena Nepal. Tarehe 3 Novemba 2023, usiku, tetemeko dogo kuliko lile la Gorkha lilipiga wilaya za Jajarkot na Rukum Magharibi na kuua watu zaidi ya 150. Nyumba zilizowaua zilikuwa zile zile za mawe na tope. Mafunzo ya mwaka 2015 yalikuwa yameandikwa katika ripoti nyingi, lakini hayakuwa yamefika katika milima ya magharibi, na manusura wakapitisha baridi chini ya vibanda vya mabati na plastiki.

Nasi huku tusijidanganye. Tunaishi juu ya Bonde la Ufa. Tarehe 6 Januari 1928 tetemeko la ukubwa wa takriban 6.9 lilipiga Subukia, nalo linahesabiwa kuwa kubwa kuliko yote yaliyorekodiwa nchini Kenya. Wakati ule sehemu ile ilikuwa na watu wachache na majengo mafupi. Leo haiko hivyo. Wala hatuna haja ya kungoja ardhi itikisike, kwa maana mafuriko na maporomoko ya ardhi hutujia karibu kila msimu wa mvua ndefu, na magari ya msaada yangali husimama pale lami inapoishia. Serikali za kaunti zina nafasi ya kujua sasa, kabla ya siku ya msiba, ni vijiji gani visivyofikika, ni nani wasiokuwa na hati wala kitambulisho, na ni lugha zipi zinazosemwa huko na wanaoweza kuzifasiri.

Kiswahili kina methali isemayo mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni wa msaada wamekuja mara nyingi, Barpak, Atlas na Kunar, na wengine wataendelea kuja. Wenyeji watapona siku ile watakapoulizwa, kwa lugha wanayoielewa, wanahitaji nini na wanajua nini, na majibu yao yakaandikwa kabla ya gari kuondoka ghalani.